Mafundo Kumi na Tisa

Shule ya Maziwani ilikuwa na watoto sitini na mmoja daftarini, na haikutokea hata siku moja sitini na mmoja hao wakaonana. Thelathini na wanane walikuwa wa wakulima wa kando ya mto; mpunga ukianza kuiva, hao walipanda dungu kufukuza ndege, na shule ikabaki na kuta zake. Ishirini walikuwa wa wafugaji, waliokuja na ng'ombe mbuga zikikauka na kuondoka nao mvua ikishuka. Watatu waliosalia walikuwa wa mwenye duka, na hao hawakukosa hata siku moja, maana duka halina ndege wala malisho.

Mwalimu Kazungu, Mgiriama aliyeletwa kutoka upande wa Malindi, aliziandika hesabu hizo kila mwisho wa muhula na kuzipeleka ofisi ya elimu Garsen, na ofisi nayo ikamrudishia hesabu zake. Ruzuku ilitolewa kwa kichwa cha mtoto. Darasa la nne lilitakiwa kuwa na watahiniwa wasiopungua kumi na tano. Wakipungua, fedha za darasa zinakatwa na mwalimu anahamishwa. Mwaka ule wa hamsini na sita walikuwa ishirini, kwa hiyo hapo palikuwa na nafuu. Aibu ilikuwa kwingine. Miaka mitatu mfululizo Maziwani ilipeleka watoto kwenye mtihani wa darasa la nne, na miaka yote mitatu hakupita hata mmoja kuingia la tano. Barua ya mwisho kutoka ofisini haikuzunguka: mwaka huu asipopatikana wa kupita, darasa la nne la Maziwani litafungwa, na anayetaka kusoma zaidi ya la tatu atafute pengine. Pengine penyewe palikuwa mwendo wa siku nzima, na mto wenye mamba katikati.

Ndiyo maana kijiji kizima kilimtazama Uledi. Alikuwa mtoto wa Godhana na Mwanaarusi, wa miaka kumi na miwili, mrefu kupita umri wake, kaptura imeachwa nyuma na miguu. Hesabu za kugawanya alizimaliza kichwani kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Kazungu alikuwa akibaki naye alasiri, na alimwambia Godhana bila kuficha kwamba kama kuna mtoto wa kuliokoa lile darasa ni huyu, na akipita atakwenda shule ya bweni kwa gharama ya serikali. Godhana, mtu wa maneno machache na shamba lisilofika ekari mbili, alianza kutembea kijijini polepole zaidi ili apate kusalimiwa. Tusimcheke. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Mwezi wa nane ikaja amri mpya. Hakuna mtoto aliyezidi miaka kumi na minne atakayeruhusiwa kufanya mtihani. Mkaguzi atakuja mwenyewe na karani wake, na kila mzazi wa darasa la nne aje na ushahidi wa umri wa mwanawe. Kazungu aliwasomea wazazi barua ile wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Wakauliza ushahidi gani, kwani hakuna aliyezaliwa hospitali. Uledi, aliyekuwa akifuta ubao, akasema nyumbani kwao kuna kamba anayofungiwa mafundo tangu azaliwe. Kazungu akafurahi, na furaha ile aliijutia muda mrefu. Alisema kamba ndiyo ushahidi hasa, na mwenye kamba aje nayo.

* * *

Kamba zilikuwa kazi ya Bibi Halima, mama yake Godhana. Watu wa pale hawakuwa wakiitaja hesabu ya mtoto kwa mdomo. Kusema huyu ana kadhaa ilikuwa kumfungulia mlango husuda, na mtoto aliyetajwa hesabu, walisema, hesabu yake huishia hapo. Lakini watu wanahitaji kujua nani mkubwa wa nani, nani atahiriwe na nani angoje. Kwa hiyo kila mtoto alisukiwa kamba ya ukindu siku aliyopewa jina, na kila mara mto ulipofurika na kurudi mahali pake, bibi wa nyumba alifunga fundo moja. Anayetaka kujua hakuuliza, alipapasa.

Sasa, mto Tana haufuriki mara moja kwa mwaka. Hufurika masika na hufurika vuli, na mwaka mwingine hugoma usifurike kabisa. Hilo kila mtu wa ukingoni analijua kama anavyoijua njia ya kwake, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna aliyewahi kuona haja ya kulisema.

Asubuhi ya siku ya mkaguzi, Bibi Halima aliishusha kamba ya Uledi iliyoning'inia juu ya kitanda chake, nyeusi kwa moshi. Aliipaka mafuta ya nazi kidogo, akamkabidhi Godhana, akamsisitizia asiitaje hesabu, aiweke tu mbele ya wakubwa waione wenyewe. Mwanaarusi alikuwa amelifua shati la Uledi mara mbili, na doa la mbaazi bado lilikuwapo, kwa hiyo alimwambia mwanawe asimame ameubana mkono ubavuni.

Meza iliwekwa mlangoni mwa darasa. Mkaguzi, Mzungu mwenye soksi ndefu, alimchukua Kazungu wakazunguka nyuma kutazama paa linalovuja na choo kilichobomoka, na mwalimu akawa huko muda wote akieleza habari za makuti. Mezani akabaki karani peke yake. Jina lake Halake, kijana wa kaskazini, msafi, kalamu mbili mfukoni. Kwao hakuna mto. Kwao maji yakishuka bondeni mara moja kwa mwaka watu hupeana mikono, na habari ya mafuriko mawili kwa mwaka mmoja hakuwahi kuisikia wala kuiwaza.

Godhana alitangulizwa mstarini kwa heshima ya kuwa baba wa mtoto wa kwanza darasani. Karani alimwuliza jina, kisha umri wa mtoto. Godhana akaiweka kamba mezani kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo hiyo, bwana. Bibi yake hufunga kila maji yakija."

Halake hakuwa mtu mbaya. Aliichukua kamba kwa adabu, akaipitisha vidoleni fundo kwa fundo hadi mwisho, kisha akarudia apate uhakika.

"Kumi na tisa," akasema kwa sauti. "Ni kumi na tisa, siyo?"

Godhana alishtuka mwili mzima. Hesabu ya mwanawe imetajwa mbele ya watu, na mgeni, na huyu mgeni yuko tayari kuitaja tena. Nayo ilikuwa sawa. Maji kumi na tisa, yote aliyaona kwa macho yake. Akaitikia kwa kichwa harakaharaka ili neno lile lisitoke mara ya tatu.

"Ndiyo hivyo, bwana. Andika tu."

Halake alimtupia jicho Uledi aliyesimama pembeni, mrefu, mwembamba, mkono umebanwa ubavuni, akajiambia kwamba watu wa mtoni huchelewa kukomaa, akaandika. Nyuma ya Godhana walikuwapo baba kumi wengine wa ukingoni. Wote walikuwa na kamba zao, wote walikuwa wamemwona alivyofanya, na wote wakafanya vivyo hivyo. Kisha wakaja wafugaji. Jatani, ambaye tangu ujana alikuwa akimletea Godhana maziwa na kuondoka na mpunga, aliulizwa umri wa binti yake Gumato. Naye hakufungua mdomo. Aliinua mikono, akaonyesha vidole kumi, halafu vitatu. Mwenye duka alikuwa wa mwisho, naye alikuwa na tarehe aliyoiandika kwenye jalada la msahafu. Mkaguzi alirudi, akatia sahihi chini ya kila ukurasa, wakapanda lori lao wakaenda.

Kazungu aliwauliza wazazi kama mambo yamekwenda vizuri. Wakamwambia yamekwenda vizuri sana.

* * *

Majibu yaliletwa na tarishi baada ya wiki tatu. Watoto kumi na mmoja wa darasa la nne, wote wa ukingoni, walikuwa wamepigwa mstari mwekundu kwa kuzidi umri. Walibaki tisa, wanane wa wafugaji na mmoja wa mwenye duka. Tisa si kumi na tano, kwa hiyo chini ya orodha iliongezwa kwamba ruzuku ya darasa la nne itasimama mwisho wa mwaka. Jina la kwanza kukatwa lilikuwa Uledi wa Godhana, na mbele yake palikuwa na kumi na tisa.

Kazungu alikwenda nayo karatasi ile kwa Godhana. Alimkuta ananoa jembe, Mwanaarusi anapepeta mchele, na Bibi Halima amekaa kizingitini.

"Mzee Godhana," akauliza, "mto huu hufurika mara ngapi kwa mwaka?"

Godhana alimshangaa, mtu mzima aliyekaa nao miaka minne. "Mara mbili, mwalimu. Ukipenda."

Kazungu aliketi mchangani na suruali yake ya kazi. Miaka minne amevushwa maji yale kwa mtumbwi, masika na vuli, na hakuwahi kuyaunganisha na kamba. Aliwaeleza taratibu kilichotokea, akasema kosa ni lake yeye aliyewaambia walete. Mwanaarusi aliacha kupepeta. Bibi Halima alitaka aelezwe tena, na alipoelezwa mara ya pili akauliza kama karani yule hana bibi kwao.

Kijiji hakikumwandama mwalimu, wala hakikuweza kumwandama karani. Kilimwandama Godhana. Msikitini walisimama naye safu moja, lakini salamu za baada ya sala zikawa fupi. Mtoni wanawake walimwacha Mwanaarusi ateke wa mwisho, na wakati anangoja walizungumzia watu wanaopenda kutangulia. Palikuwa pia na walionong'ona kwamba wafugaji walijua, kwamba Jatani alipewa siri, na kwa wiki nzima maziwa hayakupita wala mpunga haukutoka. Gumato na wenzake walikaa upande mmoja wa darasa, waliokatwa upande wa pili. Mwalimu akawafundisha wote, maana hakuna aliyemwambia awafukuze.

Jirani yao Tuneya, ambaye mwanawe naye alikatwa, alikuja kuuchukua mtumbwi aliowaazima tangu masika.

"Sisi tulikuwa nyuma yako," alimwambia Godhana. "Ungeiacha yako nyumbani, na sisi tungeziacha."

Godhana alimsaidia kuusukuma mtumbwi majini, akabaki amesimama ndani ya maji hadi Tuneya alipokunja kona ya mto. Ilimwuma zaidi kwa sababu Tuneya alikuwa anasema kweli.

Siku chache baadaye akaja askari wa chifu na karatasi nne. Orodha ya umri ilikuwa imepitishwa ofisi ya kodi pia, na kati ya wale kumi na mmoja, wanne walikuwa wameandikwa zaidi ya kumi na nane, yaani watu wazima wa kulipa. Ya Uledi ilitaka shilingi kumi na nane kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi, la sivyo atazitumikia barabarani. Askari aliuliza Uledi ni yupi. Akaonyeshwa mtoto juu ya dungu, ana kombeo mkononi, anapiga kelele kwa ndege. Askari akacheka peke yake, kisha akaiacha karatasi, kwani alitumwa kuleta karatasi tu.

* * *

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Kazungu aliandika barua ndefu ya kueleza habari ya mto na kamba, akawapa Godhana, Uledi na Bibi Halima waipeleke Garsen wenyewe, maana aliona bila mwenye kamba haitaaminika. Mtumbwi hawakuwa nao tena. Jatani, asiyesalimiwa na nusu ya kijiji, alikuja na punda wake asubuhi.

"Mama mzee hawezi tembea hii njia," alisema. "Chukua punda. Mimi najua mtoto yako mdogo. Gumato yangu mkubwa kwake."

Walifika Garsen Jumatatu jioni, wakalala kwa mtu wanayefahamiana naye karibu na kivuko. Jumanne walikaa kwenye benchi la ofisi tangu milango inafunguliwa hadi inafungwa, kwa kuwa karani alikwenda kupokea shehena ya madaftari. Mchele aliowafungia Mwanaarusi uliwaishia hapo benchini. Jumatano waliitwa ndani saa nne.

Halake aliisoma barua ya Kazungu akiwa amesimama. Alipofika katikati akakaa. Alikuwa mwepesi wa akili na alilielewa jambo lile mara moja, na pamoja na kulielewa akaingiwa na hofu, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na sahihi ya mkaguzi na kazi yake ilikuwa na miezi mitano tu. Alimwuliza Bibi Halima, kwa upole, kama anaweza kuonyesha ni miaka gani mto ulitoka mara mbili na ni ipi mara moja.

Bibi aliichukua kamba mapajani, akaanza mwanzo wake. "Hili maji yalichukua ghala letu, mama yake ana siku arobaini kitandani. Hili na hili ni mwaka mmoja, tulipanda mara mbili tukavuna mara moja. Hili lilikuja na homa, likaondoka na ndugu yake." Akasogeza kidole. "Hapa gusa, bwana, pana nafasi. Hapa mto haukutoka kabisa. Tulikula mizizi ya mayungiyungi."

Aliendelea hivyo hadi mwisho bila kusita, na Halake akawa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Ikawa miaka kumi na miwili. Aliamini kabisa. Aliitazama sura ya Uledi kwa mara ya kwanza vizuri, akaona mtoto.

Lakini kuamini hakukuwa na mahali pa kuandikwa. Alifungua kitabu, akakifunga, akatoka kwenda kuuliza chumba cha pili, akarudi. Alisema kosa la karani haliwezi kuandikwa baada ya sahihi ya mkaguzi. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba ushahidi ulioletwa ulikuwa wa uongo, na aliyeutoa akiri kwa kidole.

"Maana yake mimi ndiye mwongo," Bibi Halima akasema.

"Ni maneno ya kitabu tu, Mama mzee."

"Nikiweka kidole, utaifuta ile?"

"Nitaifuta leo hii. Mbele yako."

Bibi alimtazama mwanawe. Godhana alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka na miaka watu wa Maziwani walipogombana juu ya nani mkubwa, waliletana kwa huyu bibi, akapapasa kamba, akasema, na ugomvi ukaisha hapo. Hapakuwa na aliyewahi kumrudishia neno lake. Halake alimsomea mstari ule kama sheria ilivyotaka, kwamba yeye Halima, mzee asiyejua hesabu, alitoa ushahidi wa uongo kuhusu umri wa mjukuu wake. Uledi alisikia. Bibi akanyoosha mkono, Halake akamshika dole gumba, akalizamisha kwenye wino, akalibandika.

Karani alitimiza ahadi. Alichukua rula, akaikata kumi na tisa mbele yao. Juu yake akaandika neno moja, akawasomea: haujulikani.

"Basi kesho anaingia," Godhana akasema. Ndilo neno la kwanza alilosema asubuhi ile.

Halake akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mtoto asiyejulikana umri, alisema, sharti akaguliwe meno na daktari, na daktari hupita Garsen mwisho wa mwezi. Mtihani hauwezi kumngoja. Mwakani, kama shule yao itakuwa na darasa la nne, ataruhusiwa.

"Ulisema utaifuta," Bibi Halima alimwambia.

"Nimeifuta, Mama mzee," Halake akajibu kwa sauti ndogo. "Sikusema atafanya."

Godhana akauliza habari ya kodi. Hicho ni kitabu kingine, akaambiwa, mlango wa tatu. Mlango wa tatu walimkuta mzee mwenye miwani anayefunga saa sita. Aliwasikiliza, akatuma kuulizwa kitabu cha shule kinasemaje, na jibu likarudi kwamba kinasema umri haujulikani. Basi, akasema yule mzee, kama shule haijui, yeye atabaki na anachokijua. Kwake imeandikwa kumi na tisa.

Halake alitoka nje kuwarudishia kamba waliyoisahau mezani. Alisema waichukue, si ushahidi tena. Kisha akarudi ndani. Njia nzima ya kurudi Bibi Halima alikataa kupanda punda. Uledi alimshika mkono penye matope, naye akamwachia.

* * *

Mtihani ulifanywa bila yeye. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza huko mbugani na wafugaji watano walikuwa wameshahama na watoto wao, kwa hiyo waliokaa kwenye mtihani walikuwa wanne, Gumato mmoja wao. Kazungu alimwona Uledi amesimama nje ya uzio. Alimfuata, akamwonyesha karatasi ya hesabu mtihani ulipokwisha. Uledi alizimaliza zote kwa mdomo, palepale, na mwalimu alizisahihisha kichwani akaona amekosa moja tu. Alitamani asingemwonyesha.

Hakupita mtu. Gumato alikaribia, ofisi ilisema hivyo, lakini kukaribia hakuna bweni. Darasa la nne lilifungwa, madawati yake yakachukuliwa na lori, na Kazungu akahamishiwa mbali. Siku ya kuondoka alikwenda kumuaga Bibi Halima, akamwomba msamaha. Bibi alimwambia amesamehe. Alimpa kuku wa safari, naye Kazungu akaona haya kumchukua, na akaona haya zaidi kumkataa.

Godhana aliuza mpunga, lakini ndege walikuwa wameupunguza wakati wa safari ya Garsen, na fedha zote zilitosha kodi yake mwenyewe tu. Mwanaarusi alikwenda kwa Tuneya kukopa, akaambiwa na wao wana karatasi yao. Mwezi wa kumi ulipokwisha askari alirudi, akamchukua Uledi kwenda kutumikia barabara ya Garsen. Mwanaarusi alimfuata askari hadi kivukoni, akimsihi amtazame mtoto vizuri, amtazame tu. Askari hakugeuka.

Kwenye barabara mnyapara mmoja, mtu mnene anayeitwa Komora, alimtazama. "Huyu ni mtoto," akasema. Akaonyeshwa orodha. Alisoma, akamtazama tena, akakuna shingo.

"Haya, mzee wa miaka kumi na tisa," akasema, "chukua ndoo." Kwa huruma yake hiyo Uledi hakupewa sururu. Alikuwa akichota maji mtoni kuwapelekea watu wazima, ndoo mbili kwenye mti begani, tangu asubuhi hadi jua kuzama, wiki nane. Wenzake walimwita Mzee, na baada ya siku chache akawa anaitika.

* * *

Vuli ile mto ulitoka kwa nguvu, ukafika hadi penye kuta za shule, ukarudi. Uledi alirudi nyumbani wakati matope bado mabichi na watu wanaanza kupandikiza mpunga. Bega lake la kulia lilikuwa na kovu la mti wa ndoo. Mwanaarusi alilikanda kwa maji ya moto akilia waziwazi, hakujificha, na Uledi alimwambia haliumi. Alikuwa ameanza kuzungumza kwa sauti ya chini kama watu wa barabarani.

Siku ya tatu Mwanaarusi alizishusha kamba, ya Uledi na ya mdogo wake wa kike, akampa mama mkwe wake kama ilivyo desturi baada ya maji. Bibi Halima alifunga ya binti kwanza, upesi, akaivuta kwa meno. Kisha akaichukua ya Uledi. Akatafuta fundo la mwisho kwa kidole, akapima nafasi ya fundo jipya, akaukunja mkia wa kamba. Hapo mikono ikasimama.

"Funga, Bibi," Uledi akasema. "Maji yamekuja. Niliyaona kutoka barabarani."

"Najua."

"Basi funga."

Bibi alitazama mlangoni, upande anakotokea askari kila akija. Katika nyumba ile hesabu ya mtoto haikuwahi kutamkwa, si na mama yake wala baba yake wala yeye mwenyewe, tangu siku kamba ile iliposukwa.

"Nikifunga," akasema, "utakuwa ishirini."

Mwanaarusi aliinua mkono kama wa kumzuia, akachelewa. Bibi Halima aliikunja kamba kama ilivyokuwa, akampa Uledi airudishe juu ya kitanda.